Koti la Kabamba Lilishuka Peke Yake

Sitaki mtu anicheke kabla sijamaliza, kwa hiyo nasema mwenyewe kwanza: yule mwanamke wa stesheni ya Likasi ni mimi. Yule aliyemrukia shingoni mwanamume asiye wake, mbele ya mama mkwe, mbele ya akina mama wa kwaya na karibu nusu ya mtaa wetu wa Shituru, halafu kabla poda haijamtoka mikononi akawa mjane, na kabla chakula hakijapoa akawa tena mke wa mtu. Yote siku moja. Nimesikia mkasa wangu unasimuliwa sokoni na watu ambao hata hawakufika stesheni, wameongeza mbuzi ambaye hakuwepo na kofi ambalo sikulipiga (ingawa mkono ulikuwa tayari), basi bora niuandike mimi mwenye aibu yangu, pamoja na hasira zangu, maana hizo bado ninazo zote.

Kabamba ni bwana yangu. Alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha shaba hapa Shituru, kazi ya kupima mawe ndani ya vichupa, na kampani ikaona ana kichwa, ikampeleka Ubelgiji kusoma zaidi ili arudi awe mtu wa ofisi. Mimi nilikuwa na mimba ya Numbi. Alisema miaka miwili itapita upesi kama sinema. Aliyesema hivyo ndiye aliyekuwa anakwenda, angalieni vizuri, siye aliyekuwa anabaki. Numbi akazaliwa, akaota meno, akatembea, akajifunza kunijibu vibaya, miaka miwili ikaisha, wa tatu ukaanza, na baba wa mtoto bado yuko kwenye picha.

Maana ndivyo tulivyokuwa naye, kwa picha. Siku ya Mungu, yaani Jumapili, wanafunzi wa kwetu walioko kule hutoka kutembea pamoja, na mmoja wao alikuwa na kamera, basi picha zikanifikia: Kabamba kando ya bahari, peke yake juu ya mchanga (nyuma kaandika, "Ni kama ziwa la Kapolowe, ila ng'ambo haionekani na hakuna mvuvi wa kumsalimia"), Kabamba mbele ya kanisa kubwa lililoingia weusi wa moshi, Kabamba kwenye mashindano ya baiskeli, watu wote wanatazama baiskeli, yeye anatazama kamera, Kabamba ndani ya theluji mpaka magotini, mdomo wazi kwa kucheka, kama mtu aliyemwagikiwa na gunia la unga. Aliniandikia pia maisha yake ya kila siku, na hayo ndiyo niliyoyapenda kuliko makanisa. Chumba chake kiko chini ya paa, akisimama wima anagonga kichwa. Mwenye nyumba ni mjane mzee anayekuja kugonga mlango kila Kabamba akikaanga kitunguu. Bukari, ule ugali wetu, anapika kwa semolina ya watoto, inakuwa laini, haishikiki vidoleni, na bado wenzake wanapanda ngazi zote zile kuja kuila, wanafumba macho na kusema, eyo, hii sasa ni ya nyumbani, waongo wakubwa. Nikisoma hapo huku nasonga bukari yangu ya mahindi, ngumu, ya kweli, najikuta nimesonga ya kututosha mimi na mwanamume mzima. Asubuhi tunakula kiporo, mimi na Numbi.

Katika picha zote yuko ndani ya koti moja. Refu, jeusi, zito, kola pana, alilolinunua kule sokoni likiwa limekwisha kuvaliwa na mtu mwingine, na kifungo cha pili kutoka juu hakipo. Picha ya kwanza nikasema kimekatika juzi. Picha ya bahari, hakipo. Ya theluji, hakipo, kifua kiko wazi mahali penyewe pa baridi kuingilia. Nikamwandikia: "Kabamba, shona kifungo. Au huko hakuna sindano?" Akajibu: "Sindano ziko. Wa kunishonea ndiye hayupo." Mimi si mwanamke wa kulialia, sikulia, lakini barua hiyo sikumsomea mama mkwe.

Numbi nilimfundisha baba yake kwa picha hizo. Kabla ya kulala anaibusu ile ya theluji, "Lala salama, Papa." Sasa uso wenyewe ni mdogo kama punje ya hindi, tena uko chini ya kofia, kwa hiyo mtoto hasa alichokijua ni koti. Mtu yeyote aliyevaa kitu kirefu cheusi alikuwa Papa. Alimwita padri wetu Papa baada ya misa, kwa sauti ya juu, waumini wote wamesimama pale mlangoni. (Hiyo nayo ilikuwa aibu, na ingetosha kunifundisha, lakini mimi sifundishiki upesi.)

Kisha barua zikaanza kukawia. Jirani yangu ni Mama Mbuyi, mke wa karani mmoja, mtu wa Kasai, moyo wake ni mzuri, ulimi wake ndio ninaouogopa. Siku moja tunaanika nguo, akaniuliza kama posta imeleta kitu, nikasema hapana, akatikisa kichwa.

"Mama Numbi, Bulaya inameza bantu," akasema. "Inaanza na mukono ya kuandika."

Niliendelea kuanika. Lakini maneno hayo yalilala nyumbani kwangu, yakaamka na mimi, yakala kiporo na mimi.

Basi ikawa hivi. Mpwa wa Mama Mbuyi ni kijana wa reli, anasafiri kati ya Lubumbashi na sisi, na siku hiyo alipita kumsalimia shangazi yake, akaniona uani, akasema kwa furaha ya mtu mwenye habari:

"Mama Numbi, bale banafunzi ya kampani basharudi toka Bulaya. Beko Lubumbashi. Siku ya posho banapanda treni ya huku."

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Na hapo palikuwa na swali moja la kuuliza, swali la mtoto wa darasa la kwanza: wamerudi nani na nani? Sikuuliza. Mama Mbuyi alikuwa amesimama na beseni kiunoni, ananitazama usoni kama mtu anayetazama maziwa jikoni yasije yakafurika, na mke anayeuliza kama bwana yake yumo katika waliorudi ni mke asiyejua. Ningeweza kwenda ofisi ya kampani nikauliza kimyakimya. Sikwenda. Nikainua kidevu.

"Eyo, najua," nikasema. "Kabamba alishaniandikia."

Hilo tu. Nusu ya sentensi. Yote mengine yaliota hapo.

Mama Mbuyi aliweka beseni chini, akanikumbatia (nimesema moyo wake ni mzuri), akasema, "Na unakaa vile? Poda iko wapi? Bikwembe iko wapi?" Kabla ya jioni alikuwa amepita nyumba zote za barabara yetu. Ninyi mnajua jinsi kwetu anavyopokewa mtu aliyepata diploma: vitenge, ndivyo hivyo bikwembe, vinatandikwa chini, kimoja baada ya kingine, ili miguu yake isiguse vumbi, na anamwagiwa poda kichwani mpaka anakuwa mweupe, ndipo kila mtu ajue kwamba huyu amepita mtihani. Wanawake wakaleta kila mmoja kitenge chake kizuri. Kwaya ya parokia ikafanya mazoezi chini ya dirisha langu. Na mimi nikafungua sanduku, nikatoa kitenge ambacho Kabamba alinipa tulipooana, ambacho sikukivaa tangu aondoke, kwa sababu nilisema kitavaliwa mbele yake. Nikaona ni afadhali akikanyage.

Mama mkwe alifika Ijumaa kutoka Kapolowe juu ya lori, na samaki wa kukausha, na unga wa mahindi yake mwenyewe. Tulimwambia treni inapita kwake, angeweza kumngojea huko. Akasema treni ikifika Kapolowe inasimama kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, yeye anataka kumtazama mwana wake taratibu. Kisimba naye akaja kutoka Panda, mdogo wa Kabamba, mulamu wangu, na baiskeli yake. Mkumbukeni huyo: baiskeli yake haina taa, na ana tabia ya kutazama vitu vya watu.

Jumamosi stesheni ilijaa. Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, joto la kupika, na ule moshi mchungu wa kiwanda umeshuka unakwaruza koo, lakini kwaya iliimba hivyo hivyo. Mkuu wa stesheni akatoka, vifungo vya abakosti, lile koti la kiserikali lisilovaliwa na tai, vimefungwa mpaka shingoni, akauliza sisi wananchi mkutano wetu una ruhusa ya nani.

"Ruhusa ya tumbo yangu," mama mkwe akamjibu. "Njo ilimuzaa."

Akarudi ofisini. Tukatandika vitenge kutoka mahali pa kushukia mpaka kwenye lango. Numbi nimemvisha gauni jeupe, nimembeba mgongoni, nimemwambia leo Papa anatoka ndani ya picha.

Treni ikaingia. Watu wakashuka na kuku, na magunia, na watoto, na mimi namtafuta. Na halafu, mlangoni mwa behewa la katikati, nikaliona. Koti. Joto lile, watu wote wamelowa jasho, na mtu mmoja anashuka ndani ya koti refu jeusi la kola pana, kofia imeshuka mpaka nyusi, na kifungo cha pili kutoka juu hakipo.

Sikutembea juu ya vitenge, niliruka. Nilikuwa na maneno niliyokuwa nimeyapanga, ya heshima, ya mke wa mtu wa ofisi, yote yakapotea njiani. Nikamshika shingoni na mikono miwili, nikabandika uso wangu kwenye kola, na kola ilikuwa inanukia Kabamba, tumbaku yake na ile sabuni yake ya kijani, naapa, na nikaanza kusema, "Ulikawia, ulikawia, wewe mtu mubaya, ulikawia." Nyuma yangu Numbi akasema kwa sauti, "Papa." Hapo wanawake wakapiga vigelegele na poda ikaanza kuanguka.

Niliona kwamba ni mfupi. Nataka mjue niliona. Kabamba ni mtu wa kuinama mlangoni, na huyu masikio yake yalikuwa sawa na yangu. Nikafikiri baridi imemfupisha. Mtu akiwa na hamu kama niliyokuwa nayo anaweza kufikiri jambo lolote.

Yule mtu alikuwa anasema kitu, "Mama, ngoja, minye..." lakini kila akifungua mdomo Mama Mbuyi anamwaga poda, akawa anakohoa tu. Wakamwinua. Wakambeba juu ya vitenge, wakamrudisha, wakambeba tena, kwaya inaimba, na nyuma ya wimbo treni ikapiga honi na kuanza kuondoka. Nikaona mkono wake umenyooka kuelekea behewa, sikuelewa, nikadhani ananiaga tena kwa mchezo, nikacheka. Treni ikaenda. Yeye akasema neno moja lililosikika vizuri, la mtu anayelilia sanduku lake la safari:

"Valisi yangu."

Sauti haikuwa ya Kabamba.

Mama mkwe ndiye aliyefika kwanza. Aliwaambia wamshushe, akamvua kofia taratibu, kama alivyotaka kumtazama mwana wake, na chini ya kofia kulikuwa na kijana wa watu, uso wa duara, mweupe kwa poda, machozi yanamtoka kwa kukohoa. Kwaya ikaacha wimbo katikati. Mama mkwe akagusa kola. Akapitisha kidole mahali pasipo na kifungo, maana picha alikuwa anazijua kama mimi.

"Huyu hapana mwana yangu," akasema. "Na koti njo yake."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu watu wa mbali wakisikia hapa wanacheka, na sisi hatukucheka. Kwetu, mtu akifia mbali, haji mtu na maneno. Zinakuja nguo zake. Anazileta mwenzake, anasimama mbele ya mama wa marehemu, hasemi kitu, na mama anazijua. Na hapa koti lilikuwa limekuja, na aliyelileta amesimama mbele ya mama, hasemi kitu (poda ilikuwa kooni mwake, lakini nani alijua), na macho yake yamejaa maji.

Mama mkwe akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini penye vitenge, akapiga yowe.

Sauti zile zile zilizokuwa zinapiga vigelegele ziliingia kilioni bila hata kupumua. Mama Mbuyi akajitupa chini na kopo la poda mkononi. Wengine wakabiringika juu ya vitenge tulivyovitandika kwa furaha, na changu cha arusi kikiwa katikati. Watu wa lango wakauliza kuna nini, wakaambiwa Kabamba amefia Bulaya, na habari ikatoka mbio kwenda mjini kabla yetu sisi wenyewe.

Mimi sikulia. Nililivua lile koti mabegani mwa yule kijana, kwa nguvu, akaniachia, nikalishika na mikono miwili kama mtoto. Nikafikiri juu ya kifua. Kitu cha kijinga hicho, lakini ndicho nilichofikiri, kwamba amelala katika udongo wa baridi na kifua wazi, na mimi nilikaa Likasi na vifungo vyangu ndani ya kopo, na sindano, na uzi mweusi. Nikafikiri juu ya bahari isiyo na ng'ambo. Nikafikiri kwamba sikumbuki sauti yake ikitaja jina langu, nakumbuka maneno, sauti imekwenda, na sasa hatakuja kunikumbusha. Numbi akanyoosha mkono kutoka mgongoni, akalipapasa koti, akasema polepole, "Papa."

Na hapo, wenzangu, hapo hapo, mtu akanigusa bega. Kisimba.

"Mulamu," akaninong'oneza, uso wa huzuni kabisa, "funguo ya nyumba iko na nani? Na ile redio?"

Mwili wa ndugu yake haujulikani uko wapi, yeye anajua redio iko wapi. Nyumba ni ya kampani, anayeishi humo ni mimi na mtoto, na kabla sijakaa chini kulia nilikuwa nimekwisha kuhesabiwa pamoja na viti. Hapo ndipo mkono uliinuka. Sikumpiga, waongo wa sokoni wasiwadanganye, kwa sababu wakati huo huo mkuu wa stesheni alitoka, amechukia, kwanza mkutano bila ruhusa na sasa kilio bila ruhusa, akapuliza filimbi yake ya treni mpaka mishipa ikamsimama. Kimya kikaanguka. Na ndani ya kimya hicho yule kijana mweupe akapata pumzi.

"Bamama," akasema, "Kabamba iko muzima."

Akarudia, kwa sauti ya juu zaidi.

"Iko muzima. Alinisindikiza mpaka ku ndege. Alikonda kidogo, lakini iko muzima. Minye ni Mutombo, tunasoma naye, minye ni mutu ya Kolwezi. Alisema nivae koti yake, ju valisi ilikuwa nzito, treni ikisimama Likasi nimupatie bibi yake, nipande tena." Akatazama reli zilizokuwa tupu. "Na treni ilienda."

Mama mkwe alikuwa bado chini. "Na yeye?" akauliza. "Ju ya nini hakukuya?"

"Alipita vizuri sana, mama. Kampani inamuomba abakie mwaka moja tena, asome ya juu."

"Inamuomba," nikasema mimi. "Na yeye?"

Mutombo akatazama viatu vyake.

"Alikubali, mama."

Alikubali. Mtu alikuwa amefufuka mbele yangu na kitu cha kwanza nilichotaka ni kumuua. Alikubali, bila kuniuliza, kama mtu anayeongezewa mchuzi. Mwaka mwingine wa kiporo. Nilitaka kupiga magoti na kumshukuru Mungu na nilitaka kulichana koti vipande, na sikufanya lolote, nililishika tu. Mama mkwe alifunga tena kitambaa chake, akavuta kamasi, akauliza anakula nini kule mpaka anakonda, na watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu waliolia bure. Mama Mbuyi akainuka, akajipukuta vumbi, akaniangalia. Nilijua linakuja.

"Mama Numbi," akasema, stesheni nzima inasikia, "si alikuandikia?"

Nimepita aibu nyingi, lakini hiyo ndiyo ninayoikumbuka nikiwa nasugua sufuria. Macho yote yakanigeukia, ya kwaya, ya mkuu wa stesheni, ya wale niliowachafulia vitenge vyao. Na Mutombo, maskini, akadhani ananisaidia.

"Alinipatia neno ya kukuambia, mama. Lakini..." Akawatazama watu.

"Sema," nikamwambia. "Wameona yote, na hilo walisikie."

"Alisema hivi: kifungo bado."

"Kifungo?" mama mmoja wa kwaya akauliza. "Njo nini?"

"Miaka yote ile Bulaya," Mama Mbuyi akasema, "na mutu anatuma kifungo."

Wakacheka tena. Mimi niliwapa mgongo, nikaanza kulikung'uta koti poda, nikalikung'uta sana, kuliko lilivyohitaji.

Mutombo tulimpeleka nyumbani, tungemwacha wapi. Alikula samaki na bukari ya mama mkwe, poda bado masikioni, akasonga tonge na kufumba macho, na safari hii hakuwa mwongo. Nje waombolezaji walikuwa wanafika kutoka Panda na kutoka sokoni, na mikeka, na kuni, na unga wa msiba, na kila kundi ilinibidi nitoke nikaseme samahani, hajafa. Wengine walikasirika kidogo. Wote walibaki wakala. Kisimba alikula kuliko wote, karibu na redio.

Mpwa wa Mama Mbuyi alikuwa amekwisha kutuma neno kwa watu wake wa reli kuhusu valisi (ilifika Kolwezi salama kabla ya mwenyewe), kwa hiyo Mutombo akatulia, akaanza kutusimulia. Kumbe yeye ndiye mwenye kamera. Alimtazama Numbi akasema, "Huyu namujua, iko ku ukuta ya baba yake." Akasema wao wakienda kucheza dansi au kutazama mpira, Kabamba anakwenda nao mpaka kona, halafu anageuka, anakwenda stesheni ya mji ule, anakaa kwenye benchi, anatazama treni zinavyoondoka, na jua likishuka anarudi kupika semolina yake. Hilo hakuwahi kuniandikia. Makanisa aliandika.

"Na ukimupiga picha," Mutombo akasema, "anasumbua. Kila mara anasema, shusha kamera, sogea, fasi ya kifungo ionekane. Namuuliza ju ya nini, hasemi."

Nikaondoka nikaenda kuongeza maji kwenye chungu ambacho hakikuhitaji maji.

Basi mnajua sasa yaliyotokea, na atakayeongeza mbuzi ataongeza mwenyewe. Sitatandika tena kitenge kwa koti, wala kwa kofia, wala kwa habari ya mpwa wa mtu. Nitauliza majina, mbele ya yeyote, hata akinitazama vipi. Na Kabamba siku atakayorudi atoke stesheni kwa miguu yake, akanyage vumbi la Likasi kama kila mtu, apande mpaka mlangoni, agonge, aseme ni nani, na mimi nitakuwa nimekaa. Sitainuka upesi. Hasira hii nimemwekea yeye, sitaimalizia kwa majirani.

Koti liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Miezi ya baridi namfunika nalo Numbi, na ile harufu imekwisha kutoka, siku hizi linanukia mtoto. Mama Mbuyi amenishauri mara nyingi nilishone, koti zuri namna hiyo, aibu kuliacha na tundu. Mama mkwe naye amesema. Kifungo nimekipata, cheusi, saizi yake kabisa, kiko ndani ya kopo pamoja na sindano ambayo tayari ina uzi. Hakitashonwa kwenye msumari. Kitashonwa siku mwenyewe atakapokuwa ndani ya koti, asimame wima, anyamaze, na asinitikise mkono.